Amin Yangu Mwenyewe Ndiyo Iliyonipandisha Lori

Waliosoma wiki iliyopita wanajua niliishia wapi. Waliokosa gazeti wasihangaike, nitawapa kwa kifupi, maana mabaya yangu nimeshayazoea kuyarudia.

Naitwa Salima, mama yake Raissa. Mume wangu Hamadi, muuza nyama, alishushwa kwenye basi mwaka wa pili wa vita, na hadi leo sijaonyeshwa hata kaburi. Nikakimbilia Gitega na mwanangu. Patron Feroz, mwenye duka la vitambaa na karakana ya cherehani, akanipa kazi ya kushona vifungo, na mkewe Anisha akanipa chumba nyuma ya nyumba yao. Siku ya kwanza Feroz aliniambia kwamba pale kwake hakuna wafanyakazi, kuna familia. Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Kwa Feroz hafukuzwi mtu. Mchana tunakula pamoja, sinia moja la wakubwa wa kazi na masinia mengine ya waliobaki. Ukikosea huambiwi neno. Unafika kula unakuta nafasi yako imekaliwa, na sahani yako imewekwa peke yake karibu na mlango. Ukimaliza kula hivyo wiki kadhaa, unaondoka mwenyewe, na Feroz anakuombea dua njema.

Wiki iliyopita aliyekuta sahani yake mlangoni alikuwa Mwajuma, mkata nguo wetu, aliyenifundisha kazi kwa mikono yake. Nafasi yake ilikaliwa na mimi. Feroz mwenyewe aliuchukua mkasi mkubwa kutoka meza ya Mwajuma akauweka kwenye meza yangu, na watu wakapiga makofi.

Nikaupokea. Nilikuwa na mtoto wa kusomesha, sikuwa na nafasi ya kuona haya.

Sasa tuendelee.

Mkata nguo ni mtu mzito siku za embago. Majirani walikuwa wametufungia mipaka, kaki ilikuwa haionekani sokoni, na shule za misheni ya Mushasha zilikuwa zinataka sare kama kawaida, vita au hakuna vita. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea, kitambaa kimekwenda, na hakuna kingine. Kwa hiyo nilipouvaa ule mkasi shingoni kwa utepe, hata Houssein, msimamizi wetu, alianza kuniita Mama Raissa badala ya "we".

Nikavimba kichwa, nisiwadanganye. Niliketi kwenye sinia la wakubwa nikavunja tonge mbele ya Mwajuma aliyekuwa anakula mlangoni, wala tonge halikunikwama.

Kilichonishangaza ni Mwajuma mwenyewe. Hakulia. Hakuninunia. Asubuhi ananisalimia, jioni ananiuliza mtoto. Nilidhani ni moyo mzuri.

Kaki ilipokuwa imekwisha kabisa Gitega, Feroz alipata njia. Muyinga iko karibu na mpaka wa Tanzania. Watu walikuwa wanaivusha mizigo mabegani kwa vijia vya milimani. Feroz akafungua karakana ndogo Muyinga, ili kaki ikifika ikatwe na kushonwa palepale, kabla hajatokea wa kuuliza imetoka wapi. Sare zilizokamilika hazina maswali. Lori la Radjabu likawa linazileta Gitega pamoja na msafara wa wanajeshi.

Tatizo lilikuwa moja. Muyinga walikuwa na washonaji, hawakuwa na mkataji. Na barabara ile ya kupitia Karuzi ilikuwa inakula watu. Kila mwezi lilisikika gari lililochomwa.

Feroz hakutaka kumtuma mtu. Alilisema hilo mara nyingi mpaka tukamwonea huruma. Mtu anatuma mtumishi, alisema, ndugu hatumwi. Familia ingekaa, ingeamua yenyewe.

Lazima niwaeleze mkutano wa Ijumaa, la sivyo hamtanielewa.

Kila Ijumaa baada ya sala Anisha anapika pilau, mashine zinafunikwa, tunakaa kwenye mikeka. Kila mmoja anasimama na kusema alichoikosea familia wiki hiyo. Ukisahau, wenzako wanakukumbusha. Houssein analiita jambo hilo kusafisha moyo. Wiki moja Pili, mshona mifuko, alisimama akaomba radhi kwa kuchelewa, kwa sababu wanajeshi walikuwa wameifunga barabara ya kwao. Aliomba radhi kwa kosa la wanajeshi, machozi yanamtoka, na sisi tukamsamehe. Mimi mwenyewe nilimwambia ajaribu kuamka mapema zaidi.

Feroz mwenyewe hakai mkutanoni. Anakula, anatusalimia, kisha anatoka kwenda kumwangalia mama yake, Bibi Rajbai. Anasema akiwepo tutaogopa kusema. Kwa hiyo tunachunana ngozi wenyewe, halafu Houssein anampelekea tulichokubaliana.

Na makubaliano yakishapatikana, inasomwa Fatiha. Hapo ndipo mwisho. Kwetu mkiinua mikono pamoja, ikasomwa Fatiha, mkaitikia amin na kujipangusa uso, jambo limefungwa. Ndoa zetu zinafungwa hivyo, ugomvi wa mashamba unamalizwa hivyo. Anayerudi nyuma baada ya Fatiha haonekani mkaidi tu, anaonekana amemchezea Mungu. Hata msibani hatazamwi vizuri.

Siku mbili kabla ya Ijumaa ile Houssein alinijia mezani. Alitazama nyuma kwanza.

"Mama Raissa, Ijumaa tutasoma Fatiha juu ya ile jambo ya Muyinga. Mi nakuomba kitu moja tu. We inua mikono wa kwanza. Wakiona we umeinua, wote watafwata."

"Na anayeenda ni nani?"

"Yewe, we unajua. Wote tunajua. Haiko vizuri kutaja jina ya muntu nyuma yake."

Ndiyo, nilijua. Mwajuma kwao ni Gasorwe, mkoa huohuo wa Muyinga. Anajua kukata. Hana mtoto. Mkasi hana tena, na sahani yake iko mlangoni. Ni nani mwingine? Nilimhurumia kidogo, kisha nikamwambia Houssein asiwe na shaka.

Ijumaa ikafika. Pilau lilikuwa na nyama nyingi kuliko kawaida, na hata hilo halikunishtua.

Houssein alizungumza vizuri sana. Alisema familia inatafuta mtu wa kuitegemea, mtu wa imani, ambaye Mungu amekwisha kumweka ndani ya mioyo yetu bila ya sisi kumtaja. Akasema tusiharibu baraka kwa kubishana. Tuisome kwa nia iliyo moyoni.

Kisha akanitazama.

Nikainua mikono. Niliinua juu, viganja wazi, ili aliyeketi nyuma kabisa anione. Wakafuata wote, mmoja baada ya mwingine, na Mwajuma naye pale mlangoni akaweka sahani chini akainua yake. Fatiha ikasomwa. Nikaitikia amin kwa sauti, nikajipangusa uso.

"Donc imekwisha," Houssein akasema. "Mama Raissa, Mungu akufikishe salama."

Nilidhani amekosea. Nikacheka. Watu wote wakaangalia chini kwenye mkeka, isipokuwa Mwajuma.

"We Houssein, umesema Mama Raissa?"

"Fatiha ilikuwa yako, dada. Na we mwenyewe umeinua mikono wa kwanza. Kila muntu ameona."

Nikawageukia mmoja mmoja. Pili alikuwa anakuna mkeka kwa ukucha. Nikamwuliza alijua? Akasema walifuatwa wote, kila mtu mezani kwake, na kila mtu aliambiwa jina langu. Mimi peke yangu ndiye niliyeachwa nijibunie.

Nilisimama nikamfuata Mwajuma mlangoni. Nikamwambia mkasi ulikuwa wake, kazi ilikuwa yake, na barabara ile ilikuwa yake. Yeye akaniangalia kwa utulivu, kama mtu anayengojea maji yachemke.

"Kwani ulizania nilinyang'anywa?" akasema. "Mi nilisikia mapema kama mukataji ataenda Muyinga. Nikamuomba Houssein anitoe. Nimekula mlangoni mwezi muzima, sha. Nilikuwa naona unavyokula pale kwa wakubwa, nikasema Mungu amusaidie."

Ndiyo maana alikuwa ananisalimia kila asubuhi. Nilitamani kumpiga, mkono haukuinuka. Ulikuwa umechoka kuinuka siku ile.

Nikaenda kwa Feroz. Nilimkuta anamkanda mama yake miguu, maana ni mtoto mwema, hilo hakuna anayeweza kumnyima. Alinipa kiti. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, na naamini huzuni ile ilikuwa ya kweli. Akasema yeye binafsi asingemtuma mjane kwenye barabara ile. Lakini familia imeamua. Akiwapinga leo, kesho atakuwa patron wa kuamrisha kama patron wengine wote, na je, hicho ndicho ninachokitaka mimi?

Nikamwambia basi, nitakwenda, ila niende na Raissa.

"Hapana, Mama Raissa. Ile njia ni mubaya. Mi siwezi kutia mutoto mudogo mu hatari."

"Na mimi?"

Alinitazama kana kwamba sikuelewa kitu rahisi.

"We familia imekuamini."

Raissa angebaki kwao. Angelala ndani, kwenye chumba cha Bibi Rajbai, siyo tena kule nyuma. Anisha alikuwa amejaliwa kila kitu isipokuwa mtoto, na alikwishamnunulia begi la shule. Ni mpaka sare za kufungulia shule zikamilike, Feroz alisema, halafu nitarudi. Nilimwuliza nikikataa? Akasema hakuna wa kunilazimisha, ila chumba ni cha watu wa familia, na yeye angewaambia nini wale waliosoma Fatiha?

Asubuhi ya kuondoka Raissa alikuwa amevaa sare mpya. Alinipungia mkono kutoka barazani kwa Anisha, akiwa anatafuna mandazi. Hakulia, nikamshukuru Mungu. Ningejua ningeomba alie.

Barabara ambayo nchi nzima ilikuwa inaiogopa haikunifanya kitu. Tulipita Karuzi tukiwa katikati ya msafara, Radjabu anaendesha kimya, mbele yetu wanajeshi na nyuma yetu wanajeshi. Niliona nyumba zisizo na paa na kambi ya watu kwenye mlima. Nilikuwa nimekaza mwili kwa ajili ya risasi. Haikulia hata moja, tukaingia Muyinga mchana kweupe.

Karakana ya Muyinga ilikuwa chumba kimoja na baraza, nyuma ya soko. Mzee Chabani ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, fundi wa miaka mingi, ndevu nyeupe, mpole. Pamoja naye alikuwapo Riziki, mshonaji, na wengine wawili waliokuwa wanapeleka nguo masoko ya Gasorwe na Mwakiro kwa miguu. Mzee Chabani alinipokea mzigo, akanipa chai, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya safari.

"Na we walikusomea?"

Nikamwambia walinisomea. Riziki alikuwa anazungusha gurudumu la mashine, akalisimamisha.

Wote walikuwa wamesomewa. Chabani aliambiwa ni mpaka Idi ipite, zikapita Idi mbili. Mke wake alikuwa Gitega, anaumwa tumbo lisilopona, na salamu zake zilimfikia kupitia kwa wenye lori tu. Riziki yeye aliomba radhi Ijumaa moja kwa kusema mshahara umechelewa, na Ijumaa iliyofuata mikono ikainuliwa. Huku nyuma nafasi zao zilikwisha kukaliwa. Familia ya Gitega ilikuwa imejaa.

Usiku ule, nilipokuwa natandika mkeka, Chabani aliniambia neno ambalo nililishika moyoni kuliko dua.

"Binti yangu, hapa pia tunafanya ile réunion ya Ijumaa. Usiinue tena mikono kabla ujasikia jina."

Nikamshukuru. Nilimwona kama baba.

Nilikata kaki. Nilikata hadi kidole gumba kikafanya ngozi ngumu. Wapagazi walileta marobota wakiwa wamelowa hadi kiunoni, na safari moja wakaja pungufu, mwenzao amebaki milimani. Robota lake lilifika, lilikuwa limebebwa na mwingine. Nilikata na hilo pia.

Kila Radjabu alipokuja, nilimkimbilia kabla hajazima injini. Safari ya kwanza akasema Raissa analia akilala. Nilishika mlango wa lori nikalia pale barabarani. Safari ya pili akasema sasa anakula vizuri. Safari ya tatu akasema anamsomea Bibi Rajbai Kifaransa cha shule, na bibi anacheka. Nikamwuliza, ananiulizia? Radjabu akafungua boneti, akawa anatazama injini ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Sare za kufungulia shule zilikamilika. Shule zikafunguliwa. Sikuitwa.

Nilimtuma Radjabu na maneno, akarudi na maneno. Feroz ananisalimu. Kazi yangu imesifiwa. Tusubiri kidogo. Nikatuma tena kwamba nitakuja kwa miguu. Likaja jibu kwamba familia ingesikitika sana, hasa Raissa, ambaye angelazimika kuelezwa kwa nini mama yake hana tena nyumba ya kufikia.

Halafu, bila kutarajiwa, Ijumaa moja akaja Feroz mwenyewe. Alikuja na msafara, kwa gari yake ndogo, akiwa amevaa koti la vumbi. Alimkumbatia kila mmoja wetu. Alileta pilau la Anisha ndani ya sufuria lililofungwa kwa kitambaa, bado lina uvuguvugu.

Tulipokwisha kula akasema Gitega wamepata kazi kubwa, mavazi ya kwaya na ya masista, na wanahitaji mkono mmoja. Msafara unarudi baada ya saa mbili. Gari yake mwenyewe imejaa sare hadi kiti cha mbele. Kwenye kabini ya Radjabu atakaa Radjabu, askari, na mtu mmoja. Juu ya mzigo askari wamekataza mtu kupanda.

"Mi sikuja ya kuamrisha," akasema. "Nafasi iko moja. Muongee, mupatane."

Akatoka kwenda barazani, akaketi akitupa mgongo.

Niliwatazama wote. Chabani ana mke mgonjwa. Riziki ana wazazi. Wale wawili nao wana kwao. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Tulishazoea kutosema.

Chabani, akiwa mkubwa wetu, akajikohoza. Alisema wote tunajua nani ana haki zaidi ya kurudi. Hana haja ya kutaja. Tuisome kwa nia iliyo moyoni.

Maneno yaleyale ya Houssein. Yaleyale, msomaji.

Wakainua mikono. Chabani, Riziki, wale wawili. Mimi nikaifungia yangu chini ya kanga. Safari hii hamnipati, nilisema moyoni. Nilikaa nimemkazia macho Chabani, na nikasema kwa sauti kwamba sisomi Fatiha bila ya jina.

Chabani alianza kusoma, akasita. Mikono ya wengine ikabaki hewani. Feroz akageuka kutoka barazani, akauliza kuna nini.

"Mama Raissa hakuinua," Riziki akasema.

"Kwa nini, dada? We unapinga wenzako?"

Nikasema sipingi mtu, nataka jina litajwe kwanza.

Riziki akanitazama, na usoni mwake sikuona ubaya hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma.

"Lakini jina ilikuwa ya kwako," akasema. "We ndiye uko na mutoto. Tulipatana siku moja ulipokuwa kisimani, kama nafasi ikitokea ni ya kwako. Tulitaka tukufanyie furaha."

Nilifungua kanga haraka, nikainua mikono, yote miwili, nikawaambia basi tusome, tusome sasa hivi. Feroz akatikisa kichwa. Alisema Fatiha iliyokatwa haiungwi kwa sababu mtu amesikia kinachomfaa. Mtu anayewaamini wenzake anapojua kwamba atapata yeye, huko si kuamini. Akauliza wenzangu wanaonaje. Wakanyamaza. Katika familia yetu kunyamaza ni kumuunga mkono anayeuliza.

Kisha Riziki, kwa sauti ndogo, akataja jina safari hii, ili mimi nisilalamike. Mzee Chabani.

Wakainua. Wote wakaniangalia. Nikiizuia mikono yangu tena, Chabani pia hatakwenda, na mke wake atakufa akituma salamu kwa wenye lori. Nikainua. Nikaitikia amin. Chabani alijipangusa uso akabaki ameufunika kwa viganja muda mrefu.

Je, alinipa lile onyo kwa wema au alikuwa amekwisha piga hesabu zake? Mpaka leo sijui. Nimelala na swali hilo na kuamka nalo.

Walimfungia mzigo wake. Msafara ulikuwa unajipanga barabarani, wanajeshi wanapigiana miluzi. Nilimfuata Feroz hadi kwenye gari yake, nikamshika mkono wa koti, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Sikumwomba nafasi. Nilimwambia amlete Raissa tu, safari ijayo, nimwone hapohapo barabarani, kisha arudi naye.

Alinijibu kwa upole wake uleule.

"Mama Raissa, nisikilize vizuri. Mutoto anamuita Anisha mama siku hizi. Ametulia. Sasa we ukija, ukitoka, unamuchanganya. Umuache kidogo akomae. Ni kwa faida yake."

Miguu ndiyo iliyomjibu.

Nilikimbia hadi kwenye lori. Chabani alikuwa ndio anapanda, mkono mmoja kwenye mlango, kanzu ameikunja. Nikamshika kola kwa nyuma nikamvuta. Mzee mzima, aliyenipa chai siku nilipofika. Nikamvuta kwa nguvu za kukatia kaki, akarudi chini, kofia ikaanguka.

"Salima," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. "Mke wangu anakufa."

"Na mtoto wangu ananisahau. Shuka."

"Umeitikia amin, binti yangu. Mungu amekusikia."

"Na hii aione."

Akanisukuma. Nikamng'ata mkono. Nasema kweli, nilimng'ata mzee yule mkono hadi akapiga kelele, na yeye akanishika nywele chini ya mtandio, na tukawa tunagombea ngazi ya lori mbele ya soko zima la Muyinga. Radjabu alikuwa ameshika usukani anatazama mbele. Askari ndani ya kabini akagonga dashibodi, akasema kwa Kirundi kwamba msafara haungoji wendawazimu.

Riziki alikimbia kutuachanisha. Feroz akamzuia kwa mkono, taratibu, asimwumize. Alikuwa amesimama pembeni na koti lake la vumbi, huzuni imemjaa usoni.

"Muwaache," akasema. "Ni mambo ya familia. Watapatana wenyewe."

Radjabu akaachia breki. Mguu wangu ulikuwa kwenye ngazi, wa Chabani pia ulikuwa kwenye ngazi, mlango uko wazi, na lori likaanza kutembea.